Mkono Uliomfumba Macho Numisius

Maiti ya seneta Lucius Numisius ilikuwa imelazwa ukumbini, miguu ikielekea mlangoni kama ilivyo desturi, na ukutani wazee wake wote walikuwa wamefunguliwa. Makabati ya nyumba ile hayakufunguliwa ila kwa sikukuu na kwa misiba. Asubuhi hiyo vilango vyake vilikuwa wazi, na mle ndani nyuso za nta za watu waliokufa zamani zilimkodolea kila aliyeingia, kila mmoja na mikunjo yake, makovu yake, na matundu matupu mahali pa macho. Moshi wa ubani ulipopita mbele yao ungeapa kwamba wanapumua.

Decimus Fundanius aliingia kwa mguu wa kulia, akaiinamia maiti, kisha akazipa zile nyuso mgongo upesi kuliko ilivyompasa mtu wa cheo chake. Alikuwa mmoja wa wale Watatu waliokabidhiwa magereza na wanyongaji wa Jamhuri. Kwao hapakuwa na kabati hata moja. Baba yake alikuwa mfua nguo, na mfua nguo akifa uso wake unakwenda naye.

Muda aliokuwa nao ulikuwa mfupi. Bwana akiuawa ndani ya nyumba yake kwa mkono wa mtumwa, desturi ya Roma haimtafuti mtumwa huyo. Inawachukua wote waliolala chini ya paa lile, mpishi, mfagiaji na mlezi, na kuwapeleka msalabani. Watumwa wa Numisius walikuwa wameketishwa uani, wamefungwa kamba mmoja kwa mwenzake. Nje ya lango la Eskwilino maseremala walikuwa wameshaanza kuchonga mbao tangu alfajiri. Kilichobaki ni amri, na amri hiyo ilikuwa itoke kinywani mwa Fundanius mazishi yakishakwisha.

"Bado unanusanusa?" Gaius Numisius, mdogo wa marehemu na seneta vilevile, alikuwa amemjia kwa nyuma.

"Bado, mheshimiwa."

"Bawabu hakumwingiza mtu usiku ule wala hakumtoa mtu. Amefungwa mnyororo pale mlangoni, angekwenda wapi? Mwuaji yumo humu humu. Unataka nini tena?"

"Nataka kumjua ni yupi."

"Ndiyo maana wazee wetu wakasema wote," Gaius alisema. "Kutafuta mmoja kunachosha."

Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayemwombea mwenzake heri, kwamba mwakani Fundanius bila shaka atataka kura za kupanda cheo, na kwamba akina Numisius wana wafuasi wengi wanaopanga foleni mlangoni kwao kila asubuhi. Fundanius alimshukuru. Hakuwa mjinga, alijua alichoahidiwa na alijua pia alichotishiwa nacho.

Alianza na Nicias, karani wa marehemu, kwa kuwa kila mtu alimnyoshea kidole. Nicias ndiye aliyeikuta maiti kabla ya jua kutoka, ndani ya chumba cha shughuli, kamba ya pazia shingoni. Siku iliyotangulia bwana wake alikuwa amemchapa. Zaidi ya hayo, viganja vyake vilikuwa na michubuko ya kamba, na Gaius alikuwa ameshaionyesha kwa nusu ya Seneti. Fundanius aliishika mikono ile, akaipeleka kwenye mwanga wa ua. Michubuko ilikuwa mingi, mipya juu ya mizee, imekatiza vidole vyote. Mtu anayenyonga hukaza kamba mara moja tu.

"Adhabu yako baada ya fimbo ilikuwa nini?"

"Kuteka maji kisimani, bwana. Tangu mchana mpaka giza."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Kisima kilikuwa na kamba ya katani mbichi, ngumu, na Fundanius alipoivuta mara chache nayo ikamchubua palepale. Basi, la mikono likaisha. Lakini halikumwokoa mtu. Lilipunguza tu mmoja katika kundi ambalo lingekufa lote.

Thallusa, mlezi wa nyumba, alikuwa ameketi pembeni peke yake. Hawakumfunga kamba kwa sababu hakuwa na uwezo wa kukimbia. Watumwa wenzake walikuwa wakimcheka kwa hadithi yake, na sasa walikuwa hawacheki tena. Fundanius alichuchumaa mbele yake akamwomba arudie.

"Nilimwona Mzee Appius," Thallusa alisema.

"Appius yupi, bibi?"

Akamwonyesha kwa kidevu kupitia mlangoni, kabati la karibu na maiti. Uso wa nta wenye pua ndefu na midomo iliyobanwa. Appius Numisius, baba wa marehemu na wa Gaius, aliyekufa zamani sana. "Ndiye aliyeninunua. Namjua. Alikuwa anatoka chumba cha bwana, amejitanda joho. Akapita hapo kando ya birika la mvua, taa ya miungu ikammulika usoni. Uso ni wake, ila haukusogea. Nikamwamkia."

"Akakuitikia?"

"Alisimama. Akanipungia mkono hivi, nirudi kulala, kama wanavyotupungia wenyewe." Alitikisa vidole vyake vilivyopinda, ishara ya kufukuza nzi. "Nikarudi. Aliyekufa akikwambia lala, unalala."

Fundanius alihisi ubaridi ukimpanda mgongoni, naye si mtu wa kuogopa upesi. Ila ubaridi si ushahidi. Hata neno la Thallusa lenyewe halikuwa ushahidi, kwa maana mahakama ya Roma haipokei neno la mtumwa mpaka litolewe kwa mateso, na bibi huyu angekata roho kabla ya kufika sentensi ya pili.

"Na lile kabati la mwisho, lile tupu?"

"La bwana mdogo." Bwana mdogo alikuwa Sextus, mwana wa pekee wa marehemu, mtu wa mvi masikioni. "Nilimnyonyesha mimi. Bwana alimwambia mbele yetu sote, kabati lako litakaa tupu maadamu mimi ni hai."

Jambo hilo mji mzima ulilijua. Sextus alitaka kugombea uhakimu mkuu. Asiyeshika cheo cha namna hiyo hawekwi ukutani hata awe na damu ya nani, na bila ruhusa ya baba yake Sextus hakuweza kugombea, hakuweza kununua nyumba, hakuweza kumiliki hata kuku. Mwana wa Kirumi ni mtoto mpaka baba afe. Fundanius aliliweka neno hilo kando kwa muda. Kama kila mwana aliyekatazwa na baba yake angekuwa mwuaji, Roma isingebaki na akina baba.

Waigizaji wa mazishi walikuwa wamefika, wakijivika nyuso za wazee na majoho ya vyeo vyao, maana Numisius hangekwenda kuchomwa bila kusindikizwa na ukoo wake wote. Mkuu wao, Cinnamus, mtu mnene mwenye kichwa kikubwa kama mtungi, angemwigiza marehemu mwenyewe. Alikuwa ameshauvaa ule uso mpya wa nta, na alipokohoa kikohozi cha Numisius, mpishi kule uani alipiga magoti kabla hajajizuia.

Cinnamus aliuvua uso ule akamwita Fundanius kando. Alikuwa na lake. Katika mazishi ya shangazi wa familia ndiye aliyemvaa Appius, na kamba za nyuma alizifunga mwenyewe kwa kipimo cha kichwa chake. Tangu siku ile hapakuwa na msiba katika nyumba hii, na kwenye sikukuu nyuso hutazamwa tu, hazivaliwi. "Sasa tazama," akasema, akauinua uso wa Appius akaujaribu. Ulikwama juu ya paji la uso. Kamba zilikuwa zimekazwa na kufungwa fundo jipya.

"Kabati lina kufuli?"

"La nini? Nani ataiba uso wa maiti?"

Kwa hiyo bibi hakuota. Mtu aliye hai, mwenye kichwa cha kawaida, alikuwa ameuvaa uso wa Appius. Lakini mtumwa naye ana kichwa cha kawaida, na Fundanius alijikuta yuko palepale alipoanzia, mlio wa nyundo za maseremala ukiwa bado masikioni mwake.

Akairudia maiti. Kwa kazi yake alikuwa amewaona walionyongwa wengi kuliko alivyopenda, na wote walikuwa na namna moja ya kutazama. Huyu alikuwa amelala vizuri, kope zimeshuka. Mwosha maiti alikuwa akimpaka mafuta miguuni.

"Ulimfumba macho kabla ya kumwosha au baada?"

Mwosha alishtuka kana kwamba ametukanwa. "Mimi? Hiyo si kazi yetu, bwana. Macho ni ya damu yake. Nilimkuta amefumbwa."

Fundanius akamrudia Nicias. Nicias akasema alipoingia bwana alikuwa kama amelala, na ndiyo maana alimwita tena na tena kabla ya kuiona kamba. Gaius naye, alipoulizwa, alisema kwa kuchoka kwamba alifika baadaye na akakuta kila kitu kimeshafanywa. Bila shaka, akaongeza, Sextus alitimiza wajibu wake. Sextus alikuwa amesimama kando ya birika, joho jeusi la msiba limemkaa vizuri, akipokea pole.

"Mimi?" alisema. "Hapana. Nadhani ni mwosha."

"Ukamwachia mwosha?"

"Nilikuwa nimechanganyikiwa, Fundanius. Baba yangu alikuwa ameuawa."

Akageuka kumpokea seneta mwingine. Fundanius alibaki amesimama hapo, na moyo wake ulikuwa mzito, kwa kuwa alikuwa ameshapata alichokitafuta na hakukipenda. Mtumwa aliyemnyonga bwana wake anakimbia, au anajificha, au anarudi kitandani akitetemeka. Haketi kumfumba macho. Kulifanya hilo ni haki ya mwana kwa baba yake, na mtumwa asingelithubutu hata katika ndoto. Gaius usiku ule alikuwa nyumbani kwake, ng'ambo ya mji. Ndani ya nyumba hii palikuwa na mtu mmoja tu mwenye haki hiyo, naye ndiye aliyekuwa akiikana.

Lakini kujua ni kitu kimoja. Nani angesimama mbele ya mahakimu kumshtaki mwana wa seneta kwa sababu ya kope mbili? Ilikuwa lazima neno litoke kinywani mwake mwenyewe, mbele ya watu huru. Fundanius alikwenda kwa Cinnamus, wakazungumza kwa muda nyuma ya jeneza, na mwigizaji akatikisa kile kichwa chake kikubwa, kwanza kwa kukataa, halafu kwa kukubali.

Msafara ulitoka na tarumbeta. Wazee wa nta walipanda magari ya farasi, mbele yao watu waliobeba mafungu ya fimbo na mashoka ya madaraka waliyowahi kuyashika. Barabarani watu walikaa kimya walipopita, maana nyuso zile hazigeuki wala hazipepesi. Cinnamus peke yake ndiye aliyechekesha: alimwigiza marehemu akikohoa, akibana vazi lake, akimkemea bawabu, na kwa desturi hakuna aliyemkataza. Kwenye uwanja wa mji wazee waliketi kwenye viti vya pembe za ndovu wakamsikiliza Sextus akimsifu baba yake. Alisema vizuri. Machozi aliyoyatoa, Fundanius aliamini, yalikuwa ya kweli.

Kisha wakatoka nje ya lango. Kichanja cha kuni kilikuwa kimejengwa kando ya barabara, kimezungushiwa matawi ya mberoshi, na mbele kidogo tu misalaba mipya ilikuwa imelala chini kwa safu, mbao zake bado nyeupe. Watumwa waliletwa na kamba zao wakasimamishwa hapo pa kuiona. Thallusa alibebwa na Nicias.

Jeneza likapandishwa. Ilibaki jambo moja kabla ya moto. Mrumi hufumbwa macho na watu wake ili walio hai wasiyaone, na hufumbuliwa juu ya kuni ili aione mbingu. Asiyefumbuliwa anashuka kuzimuni kipofu.

Hapo Cinnamus alishuka kutoka garini. Alitembea polepole mpaka kwenye kichanja, uso wa Numisius juu ya mabega yake na uso wa Numisius kwenye jeneza mbele yake, akakohoa.

"Nani alinifumba macho?" aliuliza.

Wafuasi walicheka, maana ilikuwa sauti yenyewe, kavu na ya kukwaruza.

"Nauliza. Nani alinifumba macho? Aliyenifumba ndiye anifumbue. Mkono mwingine siutaki. Nikifika chini kipofu nitarudi kuuliza nyumba kwa nyumba."

Kicheko kilikatika. Nyuma yake wazee wote walikuwa wamesimama kwa safu, Appius katikati, na upepo ulikuwa ukipuliza majoho yao bila kugusa nyuso zao. Gaius alisogea kwa hasira. Alisema mchezo una mipaka yake, na kwamba mwosha ndiye aliyemfumba; aitwe. Mwosha aliitwa akakana mbele ya wote. Nicias akakana. Watu waliokuwa nyuma wakaanza kusukumana kuja mbele.

"Basi nitamfumbua mimi," Gaius alisema, akanyosha mkono juu ya jeneza.

Sextus alimkamata kifundo cha mkono.

"Usimguse, baba mdogo."

"Niache. Unataka ashuke hivi?"

"Atakuwa kipofu. Si mkono wako." Midomo ya Sextus ilikuwa imekauka. Hakuwa akimtazama ami yake. Alikuwa akimtazama Appius. "Ni mkono wangu."

Fundanius alipanda hatua moja, akasema kwa upole, kana kwamba wamekaa wawili tu.

"Ulimfumba lini, Sextus?"

"Alipokwisha."

"Kabla Nicias hajaingia?"

"Alikuwa ananitazama." Sextus alivuta pumzi. "Ningemwachaje vile? Ni baba yangu."

Mtu mmoja kati ya wafuasi aliguna. Gaius alikuwa ameshamgeukia Fundanius, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alizungumza kwa kunong'ona. Alisema kijana amevurugwa na msiba, hajui asemalo, na hapa hapakuwa na aliyesikia kitu. Misalaba ile pale. Kila kitu kinaweza kwenda kama kilivyopangwa.

"Nimesikia mimi, mheshimiwa," Fundanius alisema. "Na nyuma yako wamesikia watu wote wanaopanga foleni mlangoni kwenu."

Akijua kwamba kura zake zimekwenda na upepo, alimwuliza Sextus swali la mwisho. "Na uso wa Appius?"

"Nisionekane." Akautazama tena uso wa Appius. "Na baba hakuwahi kumkatalia baba yake neno. Alipomwona mlangoni alisimama kwa heshima. Aliinamisha kichwa."

Hata Gaius alifunika uso wake kwa pindo la joho.

Walimwacha amalize. Sextus aliweka vidole viwili juu ya kope za baba yake akazifumbua, na akakaa hapo akitazamwa, muda mrefu kuliko inavyohitajika. Akamrudishia kidoleni pete aliyovuliwa alipokufa, kama desturi. Akapokea mwenge, akageuza uso wake upande mwingine kama desturi, akauwasha moto kinyumenyume. Kuni ziliposhika sawasawa alishuka akampa Fundanius mikono yake miwili bila kuambiwa. Alijua kinachomngoja. Aliyemwua mzazi hushonwa ndani ya gunia la ngozi pamoja na wanyama hai na kutupwa mtoni, na ardhi haipati hata mfupa wake.

Fundanius alituma mtu kwa maseremala. Kamba za watumwa zilikatwa hapo hapo barabarani, na wengine walikaa chini palepale. Nicias alilia kwa sauti bila kuona haya. Bawabu alibaki akitazama misalaba ikipakiwa garini, kana kwamba hakuamini inaondoka bila yeye.

Alasiri nyuso zilirudishwa nyumbani. Gaius, ambaye sasa ndiye mwenye nyumba, alisimama ukumbini akiamuru kwa ufupi: Appius mahali pake, Lucius mahali pake papya, vilango vyote vifungwe. Lile tupu la mwisho kesho ling'olewe ukutani na tundu lipakwe chokaa. Hakulitaja jina.

Thallusa ndiye aliyevifunga vilango, kimoja kimoja, akiwaaga wazee wake kwa majina. Alipofika kwenye la mwisho Fundanius, aliyekuwa akitoka, alimwona amesimama mbele ya mbao tupu kama aliyesahau kazi yake. Kisha akaweka vidole viwili ndani, mahali ambapo uso wa Sextus ungekaa, akavishusha taratibu, akafunga.